Kiini Kisicholiwa

Jumamosi ya tarehe 16 Agosti mwaka huu, katika sherehe ya kipaimara huko Uru, mtu mmoja mwenye mvi alisimama kati ya migomba, sahani ya machalari mkononi, akaita kwa sauti iliyowageuza wageni wote: "Mama Kifaranga! Bado unakula kiini?" Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Beda, aliyebeba mizigo ya watalii mlimani kwa miaka mingi, mmoja wa wale ambao sisi huku tunawaita wagumu. Mwaka 2017 tuliketi dawati moja lililotengenezwa kwa ajili ya watoto wa katekisimu, magoti yetu yakigonga ubao wa chini. Wageni walicheka bila kujua wanachekea nini. Nilinyoosha kitenge changu, nikamwambia kwamba mtu mzima huanza na salamu. "Shikamoo, Mama Eliya," akasema, na mdomo wake ulikuwa bado unacheka. Tulikaa pamoja mpaka wenye sherehe walipoanza kukusanya viti. Niliporudi Pasua nilitoa sandukuni madaftari yangu ya mwaka ule. Tarehe zote zimo, kwa sababu tangu nilipojifunza kuandika sawasawa sijafungua ukurasa bila kuweka tarehe juu yake.

Watu wakiulizwa habari za ujana wao hujibu kwa miaka yao ya ishirini. Miaka yangu ya ishirini niliitumia katika kazi za watu wengine, nami sina haja ya kuisimulia hapa. Ujana wangu, yaani ule wakati ambapo mtu huamka asubuhi akiwa na swali na kwenda nalo kazini kama aliyefunga kitu upindoni, ulinijia nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, nikiwa mjane kwa mwaka wa tano. Nilikuwa nimekwisha kufaulu mtihani wa kufuzu, ule unaomruhusu mtu asiyepitia sekondari kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Sikuwa na haraka. Nilidhani nitasoma polepole, somo moja baada ya jingine, kwa raha ya kusoma tu. Haraka ililetwa na mkuu wa maabara.

Maabara ile ilikuwa ya watu binafsi, mjini Moshi, vyumba vitatu vilivyopangana na dirisha moja lililotazama mlima siku ambazo mlima ulikubali kutazamwa. Niliajiriwa hapo kufanya usafi, lakini kwa miaka kumi na mmoja usafi ulikuwa umeota mikono. Nilifua makoti, kisha nikaosha slaidi, vile vioo vyembamba vya kupakia damu. Kisha mtaalamu mmoja alipougua nilionyeshwa jinsi ya kuzitia rangi, na tangu hapo hakuna aliyeniambia niache. Nilijua ni muda gani damu ikae katika rangi ili isiwe nyepesi wala nzito. Nilipobaki peke yangu niliinamia hadubini na kuangalia. Niliona duara nyekundu nyingi, tupu katikati kama mandazi yaliyobonyezwa kwa kidole, na hapa na pale seli kubwa zaidi yenye doa la zambarau ndani yake. Madoa hayo niliyapenda. Mengine yalikuwa ya mviringo, mengine yamekatika vipande vitatu vinne vilivyoshikana kwa uzi. Miaka yote hiyo sikujua yanaitwaje, nami sikuuliza, kwa sababu anayefanya usafi akiuliza huulizwa kwanza ameacha wapi ndoo.

Jumatatu ya tarehe 9 Januari mkuu mpya alitukusanya, akatutangazia kwamba kufikia mwisho wa mwaka ataandika orodha ya wanaoruhusiwa kugusa slaidi. Asiye na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa Baiolojia atarudi kwenye chumba cha kufulia. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Mshahara wangu usingepungua hata shilingi, nami nililijua hilo vizuri. Kilichokuwa kinaondoka ni hadubini. Nilirudi nyumbani nikapika mtori, nikashindwa kuumaliza. Jumanne iliyofuata, saa kumi jioni, nilikuwa nimeketi katika chumba cha nyuma ya kanisa ambamo Mwalimu Upendo, binti wa miaka ishirini na sita, aliwafundisha watu wazima Baiolojia kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

Tulikuwa kumi na wawili, lakini waliobaki rohoni mwangu ni wawili. Beda alikuja siku ambazo hakuwa mlimani, midomo ikiwa imepasuka kwa baridi. Alitaka cheti ili asomee kuongoza watalii badala ya kuwabebea masanduku. Mama Manka aliuza ndizi Pasua, na alikuja na chupa ya chai na maneno ya kutosha darasa zima. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na mtihani ungekuwa wa Kiingereza, ila Mwalimu alitueleza kwanza kwa Kiswahili ndipo akatupa maneno ya kukariri. Hapo ndipo lilipotokea kosa langu. Siku aliyofundisha seli alichora duara, ndani yake duara dogo, akasema: "Hiki cha katikati ni kiini." Mimi nimekulia katika nyumba ya wafugaji wa kuku. Kiini nakijua. Kiini ni kile cha njano ndani ya yai, kifaranga hukila siku zote anapokuwa humo, na akitoka hakuna kilichobaki. Sikuona haja ya kuuliza. Niliandika katika daftari, tarehe 14 Februari: kiini ni akiba ya chakula cha seli.

Na ule uelewa wangu, mbaya zaidi, ulizaa matunda. Nilipoinamia hadubini sasa nilielewa kila kitu. Zile seli nyeupe zenye doa la zambarau bado zilikuwa na chakula chao. Ambazo doa lake limekatika vipande zilikuwa katikati ya kula. Na zile nyekundu zilizo tupu katikati zilikuwa zimemaliza. Nilitembea na fahari hiyo kwa wiki kumi, nikimtazama kila mtaalamu aliyeingia na kujiuliza kama naye anajua. Jumanne ya tarehe 25 Aprili mkuu alikuja na vijana watatu wa mafunzo, akawaweka mbele ya hadubini, akauliza ni kwa nini seli nyekundu za damu hazina kiini. Mimi nilikuwa kwenye sinki, mikono imejaa povu. Sauti niliyoisikia ikijibu ilikuwa yangu.

"Kwa sababu zimekwisha kukila, daktari. Kama kifaranga."

Wale vijana wakacheka mpaka mmoja akashika meza. Mkuu hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Aliniuliza taratibu nilijifunza wapi hayo. Nikamwambia darasani. "Basi, mama, mwambie mwalimu wako akurudishie ada," akasema, kisha akawageukia vijana: "Mnaona? Mtu anaweza kuangalia kitu miaka kumi na asikione." Nilimaliza kuosha slaidi zote, nikazipanga, nikafuta sinki. Sikulia. Mume wangu alikuwa akisema kwamba mimi nikikasirika hupanga vyombo, na siku ile hakukuwa na chombo Moshi nzima kilichopangwa kama vile.

Jioni nilimsimulia Mwalimu Upendo mbele ya wote, kwa kuwa nilipendelea kuchekwa mara moja tu. Mama Manka alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Mae! Umemwambia daktari damu yake imekula?" Beda ndiye aliyenibatiza Kifaranga papo hapo. Mwalimu alisubiri wanyamaze, kisha akamwomba Mama Manka aende jikoni kwa padri aombe yai bichi na sahani. Alilipasua sahanini kwa uangalifu, akatuita tukaliinamia kama watu wanaoangalia ajali. Juu ya ile njano alituonyesha kidoa cheupe, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. "Kile cha njano ni shibe," akasema. "Lugha yetu imekiita kiini, na haikukosea, kwa sababu kipo katikati. Lakini kiini cha seli kimo ndani ya kidoa hiki, na kwa macho hamtakiona. Kiini cha seli hakiliwi. Humo ndimo yanamotunzwa maagizo ya mwili mzima, na maagizo yenyewe hayatoki. Hutoka nakala tu." Akaniambia pia kwamba seli nyekundu huwa na kiini zinapokuwa changa, kisha hukisukuma nje ili zipate nafasi ya kubebea hewa, na kwa kuwa hazina tena maagizo haziwezi kujikarabati, hufa baada ya kama miezi minne. Kisha akaongeza, akinitazama: "Mama Eliya, umekosea. Ila umekosea kwa kufikiri. Wenzako hapa wangenyamaza." Nimesikia sifa nyingi tangu hapo, nyingine zilizoandikwa kwenye karatasi zenye muhuri, na hakuna iliyonikaa kama ile.

Nikamuuliza, bado tumelizunguka yai: maagizo yamo ndani, sawa, na nakala hutoka. Protini hutengenezwa nje, kitabu kinasema hivyo. Lakini ndani nako kuna kazi. Kuna wa kunakili maagizo, kuna wa kuyakunja yakae vizuri. Hao si protini? Akasema ni protini. Nikasema: basi nao walizaliwa nje. Wanaingiaje, na nani anajua yupi aingie na yupi abaki? Mwalimu alifungua kitabu, akasoma mstari mmoja uliosema kwamba utando wa kiini una vitundu vinavyopitisha vitu. Akakifunga. "Kitabu kimeishia hapo," akasema. "Nitamuuliza mwenzangu aliye chuo kikuu. Mnipe wiki mbili."

Zilikuwa wiki tatu kamili. Jumanne ya tarehe 16 Mei masika yalikuwa yanapiga bati kiasi kwamba Mwalimu alifundisha kwa kupiga kelele, karatasi aliyonakili kutoka kwenye simu yake ikiwa mkononi. Kiini, alisema, kimezungukwa na utando mara mbili, mmoja ndani ya mwingine, na umetobolewa vitundu kwa maelfu. Kitundu si tundu tupu. Ni jengo la protini nyingi, na katikati yake zimening'inia nyuzi zilizosokotana kama nywele za mahindi. Maji na chumvi hupita bila kuulizwa. Kitu kikubwa hunaswa. Protini kubwa inayotakiwa ndani huwa na alama katika mwili wake, kipande kifupi tu cha mnyororo wake, na alama hiyo husomwa na protini nyingine ambayo kazi yake ni kubeba. Mbebaji ndiye anayejua kupenya zile nyuzi. Akifika ndani hutua mzigo, hutoka, huchukua mwingine.

"Mgumu!" Beda akapiga dawati. "Huyo ni mgumu kabisa! Mtalii mwenyewe hawezi kufika, mgumu anajua njia."

"Kaa chini, Beda, huyu hapandi mlima," Mama Manka akamwambia.

"Subiri kwanza. Mwalimu, nani anamwambia atue? Mimi nikibeba situi popote tu. Nikitua njiani mkuu wa msafara ananifukuza."

Mwalimu alitazama karatasi yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu darasani. Akasema ndani ya kiini kuna protini ndogo iliyochajiwa nguvu, ambayo kwa hali hiyo haipatikani kwa wingi nje. Ndiyo humkamata mbebaji, na mbebaji akikamatwa huachia mzigo.

"Mpishi!" Beda sasa alikuwa amesimama. "Mpishi yuko kambini tu. Ukisikia sufuria inagongwa, umefika, tua. Njiani hakuna sufuria."

"Na mpishi huyo hutoka pamoja na mbebaji mpaka nje," Mwalimu akaendelea, "na huko nje nguvu yake huisha, humwachia mbebaji aende zake."

"Kweli kabisa. Mpishi akifika getini hana hata nguvu ya kupiga soga."

Tulicheka kwa sauti iliyoshinda mvua. Nakumbuka chai ya tangawizi ya Mama Manka ikipita mkono kwa mkono katika kifuniko cha chupa, harufu ya makoti yaliyolowa, na ule mchoro ubaoni ambao hakuna aliyetaka kuufuta. Mwalimu alituonyesha kwamba hata ndani ya kiini kuna sehemu nyeusi zaidi ambamo vipande vya mitambo ya kutengeneza protini huunganishwa. Maana yake protini hutengenezwa nje, huingizwa ndani, huungwa kuwa mtambo, kisha mtambo hutolewa nje ukatengeneze protini nyingine. Mama Manka alisema hiyo safari ingemchosha hata yeye, anayepanda Marangu kufuata ndizi na kuteremka nazo. Mimi nilikuwa nimeshikwa na jambo jingine. Niliinua mkono. Akishaingia, nikauliza, wanamvua ile alama? Mwalimu akasoma tena. "Hapa wanasema haivuliwi. Inabaki mwilini." Kwa nini ibaki, ikiwa kazi yake imekwisha? "Sijui, Mama Eliya," akasema. "Na hilo halimo kwenye mtihani."

Halikuwamo, na mtihani ndio uliokuwa unanikimbiza, hivyo nililiweka pembeni. Lakini nikilitazama daftari leo naona kwamba niliandika swali hilo mara sita kati ya Mei na Agosti, kila mara kwa tarehe yake. Julai ukungu ulishuka mpaka mjini, vidole vyangu vikafa ganzi kwenye sinki, nami nilikariri majina ya Kiingereza huku nikihesabu muda wa rangi. Sikuinamia hadubini tena watu wakiwapo. Septemba tulisoma jinsi seli inavyogawanyika. Mwalimu alisema, kama jambo dogo la kupita, kwamba seli za miili yetu zikitaka kugawanyika utando wa kiini huvunjika wote, vilivyomo ndani na vilivyo nje vikachanganyika, kisha maagizo yakishagawanywa huundwa utando mpya kwa kila upande. Wengine waliandika. Kalamu yangu ilisimama. Sikumwambia mtu, hata Beda, kwa kuwa nilikwisha kuonja ladha ya kusema nilichokifikiri peke yangu.

Mtihani tuliufanya Novemba. Matokeo yangetoka mwishoni mwa Januari, na nisimsumbue msomaji kwa kusubiri: nilipata C, Beda D, na Mama Manka, aliyekuwa akimcheka kila mtu, B. Lakini Disemba hakuna aliyekuwa na karatasi yoyote mkononi, na orodha ilikuwa inaandikwa Disemba. Jumanne ya tarehe 5 mkuu alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha hadubini. Nilikuta wataalamu wawili wapya wamesimama kando, na wenzao wa zamani walikwisha kuwasimulia habari za kifaranga, niliona kwenye nyuso zao.

"Cheti, Mama Eliya?"

"Nimefanya mtihani, daktari. Matokeo ni Januari."

"Orodha ni ya mwezi huu." Aligonga karatasi kwa kalamu, kisha akasogeza hadubini upande wangu. "Haya. Unaona nini?"

Niliona seli nyeupe katikati ya nyekundu. Nikasema. Nikataja kiini na vipande vyake. Mtaalamu mmoja akanong'ona, ila alitaka nisikie: "Bado hakijaliwa?"

"Hakiliwi," nikasema bila kuinua jicho. "Kinalindwa. Kina tando mbili na vitundu, na protini yenye kazi humo ndani hubebwa kwa alama yake. Daktari, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Ile alama haivuliwi protini ikishaingia. Je, si kwa sababu ya siku ya kugawanyika? Siku hiyo utando unavunjika, wa ndani wote wanatupwa nje. Utando ukiundwa upya watataka kurudi. Kama wangekuwa wamevuliwa alama, mbebaji angewajuaje?"

Nilingoja kicheko. Mkuu akamtazama mtaalamu wa kwanza, akamtazama wa pili, na wote wawili wakaanza kupendezwa na dirisha. "Sijui," akasema hatimaye. Katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kulisikia neno hilo katika chumba kile likitoka kwa mwenye koti. "Rudi Alhamisi."

Siku mbili zile nilikwenda kazini, nilirudi, nililala. Jumatano nilifua makoti yote, na nikiyaanika nilijiuliza kama ndiyo nimeanza maisha ya chumba cha kufulia. Alhamisi ya tarehe 7 nilimkuta mkuu peke yake, kitabu kinene kimefunguliwa na kulazwa kifudifudi mbele yake, orodha kando. Alijibu shikamoo yangu kwa kuinuka kidogo kwenye kiti, jambo ambalo hakupaswa kulifanya, wala mimi sikumwamkia nikilitarajia. Umri tulikaribiana. Nilimwamkia kwa sababu ya cheo.

"Ni kama ulivyosema," akasema. "Alama haivuliwi kwa sababu watahitaji kuingia tena. Ulilisoma wapi?"

"Sijalisoma popote, daktari."

"Nani alikwambia, basi? Yule mwalimu?"

"Mwalimu hakulijua. Nililifikiri."

"Ulilifikiri."

"Ndiyo. Hapo kwenye sinki."

Alitazama sinki kana kwamba lingeongeza neno. Kisha akaigeuza orodha upande wangu, akaweka kalamu juu yake, na kunyoosha kidole kwenye mstari mtupu. "Andika mwenyewe," akasema. Niliketi, kwa kuwa kuandika kwa kusimama huharibu mwandiko, nikaandika jina langu lote, Aikande na la baba na la babu, na mbele yake, ingawa hakuna aliyeniomba, nikaweka tarehe.